Sumaku, Makaa ya Mawe na Salfa Isiyovutika

Wifi yangu anapika na kuuza chakula jirani na Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, pale ambapo dagaa na sangara huteremshwa alfajiri na wachuuzi hutafuta chai na chapati kabla jua halijapanda juu ya ziwa. Kwa miaka mingi alipikia mkaa wa miti. Bei ya gunia ilipozidi kumwelemea, alinunua mkaa mbadala uliofinyangwa kwa makaa ya mawe, kutoka kwa muuzaji ambaye viroba vyake havikuwa na jina wala maelezo yoyote. Ulikaa na moto kwa muda mrefu kama alivyoahidiwa, lakini kila ulipokuwa ukiwaka ulitoa harufu iliyochoma pua na kukausha koo, na wateja waliokaa upande unaoelekea moshi wakaanza kuhama mabenchi. Mwanawe, ambaye hufanya kazi kwenye karasha, kinu cha kusagia mawe ya dhahabu, upande wa Geita, alimweleza kwamba kinachonuka ni salfa, kwamba salfa hukaa ndani ya chembe za njano zinazong'aa kama zile anazoziona kila siku kwenye mawe ya dhahabu, na kwamba chembe hizo zina chuma. Basi siku moja wifi akanijia na swali lililokwisha kuiva: "Wifi, wewe si mwalimu wa fizikia? Kama ndani kuna chuma, kwa nini sumaku isiutoe huu uchafu kabla sijapikia?"

Nilimjibu haraka kwamba haiwezekani, na jioni ile sikupata amani, kwa sababu jibu langu lilikuwa na kosa. Kuondoa salfa kwenye makaa ya mawe kwa sumaku kunawezekana, kumefanyiwa majaribio kwa miaka mingi na watu makini, na sababu zilizofanya njia hiyo isienee zinafundisha mengi kuliko "ndiyo" au "hapana" ya mwalimu aliyechoka. Ninaandika hapa jibu ambalo nilipaswa kumpa.

Nianze na jina lenyewe. Wazee wetu waliita salfa kibiriti, na ni jina hilo hilo tunalolitumia kwa njiti tunazowashia jiko. Anayetaka kujua harufu ya salfa inayoungua na anuse njiti mara tu inapowaka, kabla mti wake haujashika moto. Ule ukali wa sekunde moja ni dioksidi ya salfa, gesi inayotokea salfa inapoungana na oksijeni ya hewa. Kila kilo 1 ya salfa ikiungua yote hutoa kilo 2 za gesi hiyo, kwa kuwa atomu ya salfa hubeba oksijeni yenye uzito sawa na wake. Ikikutana na unyevu wa kikoromeo huwa asidi, na ndiyo maana wenye pumu huathirika kabla ya wengine. Ikipanda angani hurudi na mvua. Kwetu sisi hilo si jambo dogo, kwa maana karibu asilimia 80 ya maji yanayoingia Ziwa Victoria hutokana na mvua inayonyesha moja kwa moja juu ya uso wake, wala si mito. Kinachopandishwa angani katika ukanda huu kina njia fupi sana ya kufika majini.

Salfa iliyomo ndani ya makaa ya mawe haikai mahali pamoja. Sehemu yake imo katika madini yaitwayo pairaiti, ambayo ni chuma kilichoungana na salfa, atomu 1 ya chuma kwa atomu 2 za salfa, na kwa uzito salfa huchukua zaidi kidogo ya nusu, yaani asilimia 53. Hizi ndizo chembe za njano ambazo mpwa wetu alizitaja, ambazo mgeni wa machimboni huzidhania kuwa dhahabu. Sehemu nyingine ya salfa haimo katika madini yoyote: imefungwa ndani ya kaboni yenyewe, atomu kwa atomu, tangu mimea iliyozaa makaa hayo ilipokuwa ikioza chini ya matope. Wataalamu huiita salfa ya kikaboni. Ipo pia salfa kidogo iliyo katika hali ya chumvi, hasa katika makaa yaliyokaa hewani muda mrefu, lakini hiyo kwa kawaida ni haba na sitaizungumzia.

Mgawanyo huu ndio kiini cha suala lote. Sumaku, maji, mtetemo na mbinu nyingine zote za kuchenjua hutenganisha chembe na chembe. Zinaweza kuiondoa pairaiti kwa sababu pairaiti ni kitu kingine kilicholala ndani ya makaa. Haziwezi kugusa salfa ya kikaboni kwa sababu hiyo ni sehemu ya makaa yenyewe. Kuitenganisha ni kama kutaka kutoa chumvi kwenye mchuzi kwa mwiko.

Je, pairaiti inavutwa na sumaku? Hapa ndipo hoja ya mpwa wetu, iliyo nzuri kwa mpangilio wake, inapokwama. Kuwa na chuma hakutoshi. Damu yetu ina chuma, na hakuna sumaku ya spika iliyowahi kuvuta mkono wa mtu. Nguvu ya usumaku hutoka kwa elektroni ambazo hazina mwenzake, na katika pairaiti elektroni za nje za chuma zimejipanga jozi jozi, kila moja ikiufuta usumaku wa mwenzake. Kinachobaki ni mvuto hafifu sana, wa aina tunayoiita paramagneti. Magnetaiti, ule mchanga mweusi ambao watoto wa ufukweni huuokota kwa sumaku iliyofungwa kamba, huvutwa kwa nguvu iliyo maelfu ya mara zaidi. Makaa ya mawe, kwa upande wake, husukumwa na sumaku, ingawa kwa nguvu ndogo kiasi kwamba hakuna jicho linaloweza kuliona jambo hilo. Kwa hiyo tofauti ipo, na inaelekea upande tunaoutaka: makaa yanasukumwa, pairaiti inavutwa. Tatizo ni udogo wake.

Nilitaka kuliona jambo hilo kwa macho yangu. Nilimwomba mpwa wetu aniletee mawe machache yenye pairaiti, na nilisisitiza yawe mawe mabichi ambayo hayajapita kwenye mwalo wa kuoshea dhahabu. Sikukubali marudio, yaani masalia ya mawe yaliyokwisha kuoshwa, hata kidogo, kwa sababu marudio ya wachimbaji wadogo huweza kuwa na mabaki ya zebaki, na zebaki ikipashwa moto hugeuka mvuke wenye sumu. Tuliyatwanga mawe yale kwa kinu cha chuma, tukapitisha sumaku ya spika mbovu ili kuondoa magnetaiti, kisha tukachambua chembe za njano zilizobaki. Sumaku ilipita juu yake mara nyingi bila kuokota hata moja. Mpwa wetu, ambaye huniita anti na ambaye hakukata tamaa, alileta sumaku ndogo yenye nguvu aliyoichomoa kwenye diski ya kompyuta iliyokufa. Nayo haikuokota kitu.

Kisha tukaweka chembe chache, zisizojaa kijiko cha chai, ndani ya kopo lenye mfuniko uliotobolewa kwa msumari, tukaliweka juu ya jiko la mkaa uani kwangu Pasiansi, sisi tukiwa tumesimama upande ambao upepo wa ziwani ulitoka, na tukaliacha hadi kitako chake kikawa chekundu. Harufu ya kibiriti ilitoka kama tulivyotarajia. Simshauri mtu kulirudia jaribio hili nyumbani, wala kulifanya mbele ya wanafunzi, kwa kuwa baadhi ya mawe ya dhahabu yana aseniki ambayo hutoka pamoja na moshi. Kopo lilipopoa kabisa tulilifungua. Chembe zilizokuwa za njano zilikuwa zimepoteza mng'ao na kuwa nyeusi zenye wekundu wa kahawia, na nyingi kati yake ziliruka zikaganda kwenye ile ile sumaku ya spika iliyoshindwa saa moja kabla.

Kilichotokea ni kwamba pairaiti ikipata joto kali hutoa sehemu ya salfa yake na kugeuka kuwa madini mengine, pairotaiti, ambayo katika mpangilio wake baadhi ya nafasi za chuma ziko wazi. Nafasi hizo zilizo wazi huvunja ulinganifu uliokuwa ukiufuta usumaku, na kitu kizima huanza kuvutwa. Mahali hewa ilipopenya, baadhi ya chembe huenda hatua moja zaidi na kuwa magnetaiti. Wapo watafiti waliojaribu kuitumia njia hii kwa makaa ya mawe kwa kuyapitisha kwenye mikrowevu, kwa sababu pairaiti hupokea mawimbi hayo upesi kuliko makaa yanayoizunguka. Chembe hupata joto, ngozi yake hugeuka pairotaiti, na makaa yenyewe hayajaungua. Nilipomweleza mpwa wetu habari hiyo aliniangalia kwa muda mrefu, kisha akauliza kama mikrowevu ya dukani ingetosha. Nilimkataza.

Njia iliyofika mbali zaidi, hata hivyo, haikubadilisha pairaiti. Ilibadilisha sumaku. Mwishoni mwa miaka ya 1960, huko MIT, chuo cha teknolojia nchini Marekani, Henry Kolm na wenzake walikuwa wakiendeleza wazo ambalo mimi naliona kuwa miongoni mwa mawazo mazuri ya fizikia ya karne iliyopita. Nguvu inayovuta chembe ndogo haitegemei tu ukubwa wa uga sumaku, yaani eneo ambamo nguvu ya sumaku hufika. Inategemea pia jinsi uga huo unavyobadilika ghafla kutoka mahali hadi mahali, yaani ukali wa mteremko wake. Maji yaliyo juu ya tambarare hayaendi popote hata tambarare hiyo ikiwa kileleni mwa mlima. Chembe ya pairaiti ndani ya uga mkubwa ulio sawa kila upande haina sababu ya kwenda kokote.

Kwa hiyo walichukua koili kubwa ya umeme yenye uga wa hadi tesla 2 (tesla ni kipimo cha nguvu ya uga), wakajaza ndani yake nyuzi nyembamba za chuma cha pua zenye kuvutwa na sumaku, kitu kinachofanana sana na stilwaya ya kusugulia masufuria. Koili ikiwashwa, kila unyuzi hugeuka sumaku ndogo, na kando ya kila unyuzi uga hupanda na kushuka ndani ya umbali usiofika unene wa unywele. Huko ndiko mteremko mkali uliko. Unga wa makaa uliochanganywa na maji hupitishwa katikati. Makaa hupita na maji, pairaiti hunaswa kwenye nyuzi. Nyuzi zikijaa, umeme huzimwa, usumaku hutoweka, na uchafu huoshwa kwa maji safi. Kisha mzunguko unaanza upya.

Kwenye udongo mweupe wa kaolini njia hii ilifanikiwa kabisa. Katika jimbo la Georgia, Marekani, viwanda vya kaolini ya kung'arishia karatasi viliifunga mitambo hii katika miaka ya 1970 ili kuondoa chembe ndogo za chuma na titani zinazoupaka udongo rangi ya manjano, na baadaye vikaenda kwenye koili za upitishaji mkuu, yaani zinazopitisha umeme bila ukinzani, zinazopozwa kwa heliamu ya kimiminika. (Nasi tuna kaolini huko Pugu, na ningependa siku moja kuona nani atakayeishughulikia hivyo.) Kwa makaa ya mawe, majaribio yalionyesha kwamba sehemu kubwa ya pairaiti inaweza kunaswa. Swali likawa gharama yake, na kama kinachobaki kinatosha.

Gharama ya kwanza ni kusaga. Sumaku hainasi pairaiti ambayo bado imekumbatiwa na makaa. Ni lazima kila chembe iachwe huru, na katika makaa mengi chembe hizo ni ndogo mno, nyingine za mikroni (sehemu ya elfu ya milimita) chache tu. Kila anayefanya kazi kwenye karasha anajua kwamba kusaga ndiko kunakomeza dizeli na umeme, na kwamba kila unapotaka unga laini zaidi gharama huongezeka kwa kasi kuliko ulaini. Kisha unga huo uko ndani ya maji. Makaa laini hushika maji kama unga wa muhogo, na kuyakausha kunahitaji moto, moto ule ule uliokuwa ukitafutwa. Ukisema usage na kutenganisha makavu, unakutana na vumbi la makaa, ambalo likitanda hewani huweza kulipuka. Nimetaja haya kwa kirefu kwa sababu watu wengi wanaposikia habari za njia mpya huuliza juu ya sumaku, wakati kazi nzito iko kwenye kinu na kwenye kikaushio.

Gharama ya pili ni ile salfa isiyovutika. Tuchukue mfano wa tani 1 ya makaa yenye asilimia 1 ya salfa, nusu ikiwa katika pairaiti na nusu ya kikaboni. Humo mna kilo 10 za salfa. Tuseme mtambo wa sumaku umefanya kazi vizuri na kunasa asilimia 80 ya pairaiti. Kilo 4 za salfa zimeondoka, kilo 6 zimebaki, na jikoni zitatoka kilo 12 za dioksidi ya salfa badala ya 20. Ni nafuu ya kweli, lakini mtu anayekohoa bado atakohoa. Nchini Marekani, kanuni za mwaka 1979 ziliitaka mitambo mipya ya umeme wa makaa iondoe asilimia 70 hadi 90 ya gesi hiyo, na kwa makaa yenye salfa nyingi ya kikaboni hakuna sumaku inayoweza kufika huko peke yake. Kuosha moshi kwenye bomba kwa maji ya mawe ya chokaa kunaweza, kwa kuwa moshi haujali salfa ilitoka katika makao gani. Yote imekwisha kuwa gesi moja, na chokaa huishika na kuigeuza jasi. Hapo ndipo fedha na wahandisi walipoelekea.

Ipo sababu nyingine inayotuhusu sisi moja kwa moja, na sijaona ikielezwa vya kutosha kwa Kiswahili. Makaa yetu ya Ngaka, Kiwira na Mchuchuma, kusini mwa Tanzania, ni ya miamba ya kale iitwayo Karoo, yaliyotokana na mabwawa ya maji baridi yaliyokuwa ndani ya bara zaidi ya miaka milioni 250 iliyopita. Makaa yenye pairaiti nyingi, kama yale ya bonde la Illinois yenye salfa ya asilimia 3 hadi 5, mara nyingi yaliwahi kufunikwa na maji ya bahari, kwa sababu bahari ndiyo iliyoleta salfeti, chumvi yenye salfa, ambayo bakteria waliigeuza kuwa pairaiti. Makaa ya maji baridi kwa ujumla yana salfa kidogo, na pale salfa inapokuwa kidogo, sehemu yake kubwa huwa ya kikaboni. Kwa maneno mengine, sumaku inafaa zaidi kwa makaa ambayo hatuna, na inafaa kidogo kwa makaa tuliyo nayo. Unga uliomo katika viroba vya wifi hauna jina, nami siwezi kujua ulitoka shimo gani, lakini hesabu hii ndiyo iliyonifanya niache kuwaza kuhusu koili na kuanza kuwaza kuhusu chokaa.

Mama wa Mwaloni hana bomba la kuoshea moshi, lakini chokaa inaweza kuwekwa ndani ya mkaa wenyewe. Ikichanganywa na unga wa makaa kabla ya kufinyanga, sehemu ya salfa inapoungua hukutana nayo papo hapo na kubaki kwenye majivu kama salfeti ya kalsiamu. Haishiki yote, na chokaa nyingi mno hupunguza moto. Hata hivyo inafanya kazi kwa salfa ya pairaiti na ya kikaboni pia, haihitaji umeme, na inauzwa duka lolote la vifaa vya ujenzi.

Jumamosi iliyopita tulivunja vipande kadhaa vya mkaa ule, tukagawa unga mafungu mawili, moja bila kitu, jingine likiwa na kijiko 1 cha chokaa kwa kila vijiko 20 vya unga, tukafinyanga yote kwa uji wa muhogo na kuyaanika juu ya jiwe hadi Jumatano. Kisha nilichukua karatasi zilizolowekwa katika pamanganeti ya potasiamu, ile dawa ya zambarau ambayo dioksidi ya salfa huiondolea rangi, nikaishikilia kila karatasi kwa koleo juu ya moshi kwa umbali ule ule. Karatasi ya fungu la kwanza ilififia kabla sijahesabu hadi 30. Ya fungu lenye chokaa ilikuwa bado na uzambarau nilipofika 100, kisha nayo ikaanza kupauka pembeni. Moshi wa makaa una vitu vingine vinavyoweza kuipausha, hivyo silichukulii jaribio hili kuwa kipimo. Ni dalili tu, na ninataka kulirudia kwa mafungu zaidi.

Wifi alisimama karibu na jiko la pili, akavuta pumzi kwa tahadhari, akasema kwamba bado inanuka, ila sasa anaweza kusimama. Amehamishia jiko lake nje ya kibanda, upande ambao upepo wa asubuhi hauupeleki moshi kwenye mabenchi, na ameniomba niandike kwenye karatasi vipimo vya vijiko, kwa herufi kubwa, ili aibandike ukutani. Mpwa wetu amerudi Geita na lile kopo la chembe nyeusi. Anasema atawaonyesha wenzake kwenye karasha jinsi zinavyoruka.